Anwani ya IP ya Kudumu Isiyoshika: Kutafuta Chanzo kwenye Ruta ya Nyumbani

Printa iliyochapa vizuri jana leo inaonekana imezimwa. Kamera ya getini haifunguki kwenye simu mpaka itafutwe upya. Kompyuta inayotunza mafaili ya nyumba nzima haipatikani kwa anwani iliyobandikwa ukutani. Mara nyingi hizi ni sura tatu za tatizo moja: kifaa kimehama anwani yake ya IP, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, au vifaa viwili vimekalia anwani moja. Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kufungua kifaa na kuiandika anwani kwa mkono. Siku hiyo inafanya kazi. Baadaye linazuka tatizo jingine, kwa sababu ruta haikuambiwa kwamba anwani hiyo imeshachukuliwa.

Kanuni ya mwongozo huu ni kwamba anwani zigawiwe na mmoja tu, na mmoja huyo awe ruta. Kifaa kinachohitaji anwani isiyobadilika kitengewe anwani yake ndani ya ruta kwa kutumia MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, na chenyewe kibaki kimewekwa kupokea anwani kiotomatiki. Kuandika kwa mkono kuwe kwa vifaa vichache tu: ruta ya pili, swichi ya mtandao yenye mipangilio, kinasa kinachohifadhi picha za kamera, na seva inayojibu maswali ya DNS ya nyumba, yaani inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Jinsi ruta inavyogawa

Ndani ya ruta kuna huduma ya kugawa anwani, inayoitwa DHCP. Ina fungu lake la anwani, tuseme kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, na kila kifaa kinachojiunga hukodishwa anwani moja kwa muda maalumu. Ruta nyingi za TP-Link hukodisha kwa dakika 120, nyingine kwa saa 24. Muda ukifika nusu, kifaa huomba kuongezewa, na kwa kawaida hupewa ile ile. Ndiyo maana printa inaweza kukaa miezi na anwani moja hata ukadhani ni ya kudumu. Kisha umeme unakatika. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya wapangaji kwenye kumbukumbu inayofutika zikizimwa. Umeme ukirudi, vifaa vyote huomba kwa pamoja, na atakayewahi anaweza kupewa anwani iliyokuwa ya mwenzake.

Kwa mtandao wa nyumbani wenye barakoa (Subnet Mask, namba inayoonesha ukubwa wa mtandao) ya 255.255.255.0, mgawanyo huu unatosha na unaacha nafasi: 192.168.1.1 ni ruta. 2 hadi 49 ni za vifaa vilivyoandikwa kwa mkono. 50 hadi 99 ni za vifaa vilivyotengewa ndani ya ruta. 100 hadi 199 ni fungu la vifaa vingine vyote. Namba 0 na 255 haziguswi: ya kwanza ni anwani ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya tangazo kwa wote. Ruta zinazolazimisha anwani iliyotengwa iwe ndani ya fungu zipo. Ukikutana na ya namna hiyo, anzisha fungu kwenye 50 badala ya 100 na uendelee.

Kabla ya kugusa chochote, soma

Makosa mengi hutokana na kurekebisha kitu ambacho hakijapimwa. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig /all`, kisha tafuta kadi inayotumika, ama ya Wi-Fi ama ya kebo. Mistari sita ndiyo yenye kazi: IPv4 Address, Subnet Mask, Default Gateway, DHCP Enabled, DHCP Server na Physical Address. Kwenye Linux ni `ip addr` na `ip route`. Kwenye simu gusa jina la Wi-Fi uliyounganika nayo, maelezo yote yapo humo. Printa chapisha ukurasa wake wa taarifa za mtandao, karibu kila printa yenye Wi-Fi ina uwezo huo kwenye menyu yake au kwa kubana kitufe.

Sasa linganisha na anwani ya ruta:

- Sehemu tatu za mwanzo zinafanana na za ruta: kifaa kipo kwenye mtandao sahihi. Endelea na dalili husika hapa chini.
- Inaanza na 169.254: hakuna aliyekijibu kifaa kilipoomba, kikajipa chenyewe.
- Sehemu ya tatu ni tofauti, mfano 192.168.0.40 wakati ruta ni 192.168.1.1: ama kimeandikwa kwa mkono zamani, ama kimeunganishwa kwenye ruta nyingine.
- DHCP Enabled ni No: kuna mtu aliandika anwani kwa mkono, na chochote utakachotenga kwenye ruta hakitakihusu kifaa hicho.
- DHCP Server si anwani ya ruta yako: kuna mgawaji wa pili ndani ya nyumba.

Umetenga anwani kwenye ruta, kifaa kimeng'ang'ania ya zamani

Anza na sababu nyepesi: kodi ya zamani, yaani muda ambao kifaa kilikodishwa anwani, haijaisha. Kifaa hakijui kwamba umebadilisha kitu, na hakitauliza mpaka nusu ya muda wake ipite. Kwenye Windows lazimisha kwa `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`. Simu, zima Wi-Fi na uiwashe. Printa na kamera, chomoa kwenye umeme kwa sekunde 10 na uchomeke tena. Ruta za TP-Link za muundo wa zamani, zenye ukurasa wa kijani, hazitekelezi ulichoandika chini ya DHCP, Address Reservation mpaka ruta yenyewe iwashwe upya. Mpya zaidi, ambako njia ni Advanced, Network, DHCP Server, hazihitaji hivyo. Kwenye MikroTik utaratibu ni mzuri kuliko wote: IP, DHCP Server, kichupo cha Leases, chagua kifaa, bonyeza Make Static, kisha fungua mstari huo na kuandika anwani unayoitaka. Ruta za faiba za Huawei huweka jambo hili chini ya LAN, DHCP Static IP Configuration, ingawa akaunti ya kawaida ya mteja wakati mwingine haioneshwi ukurasa huo na itabidi umwombe mtoa huduma.

Kama umeshalazimisha na bado hakibadiliki, mtuhumiwa wa pili ni MAC isiyo sahihi. Laptopu ina MAC mbili, ya Wi-Fi na ya kebo. Printa nyingi za ofisi ndogo pia. Umetenga kwa ile ya kebo iliyoandikwa kwenye stika ya nyuma, ilhali printa inatumia Wi-Fi: ruta haiioni kama kifaa kile kile. Adapta ya USB yenye tundu la kebo ina MAC yake pia, kwa hiyo ukiazima adapta ya jirani, umekuwa kifaa kingine mbele ya ruta. Usinakili MAC kutoka kwenye stika. Inakili kutoka kwenye orodha ya ruta ya vifaa vilivyounganishwa muda huo huo, kifaa kikiwa kimewashwa. Tarakimu ni 0 hadi 9 na herufi A hadi F tu, hivyo duara lolote unaloliona ni sifuri, kamwe si herufi O.

Vipanuzi vya Wi-Fi vina kisa chao. Baadhi huvipitisha vifaa vilivyo nyuma yao kwa MAC ya bandia waliyoitengeneza wenyewe. Kamera ikiunganika moja kwa moja na ruta inapata 192.168.1.60 uliyoitenga, ikiunganika kupitia kipanuzi inapata 192.168.1.134. Tazama orodha ya ruta kifaa kikiwa nyuma ya kipanuzi; kama MAC inayoonekana si ya kifaa, tenga kwa hiyo inayoonekana, au bora zaidi, peleka kebo na uachane na kipanuzi.

*MAC zinazobadilika zenyewe.* Hapa ndipo wengi wanapopoteza jioni nzima. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu haitoi MAC yake halisi inapojiunga na Wi-Fi. Inatengeneza moja ya bandia kwa kila jina la Wi-Fi. Windows 10 na 11 zina uwezo huo pia, chini ya Random hardware addresses, ingawa kwa kawaida huwa umezimwa. Nia ni njema, kuzuia maduka na viwanja vya ndege kukufuatilia, lakini nyumbani una matokeo mawili ambayo hayaelezwi vya kutosha.

La kwanza: MAC ya bandia hufuata jina la Wi-Fi. Ukibadili jina la mtandao wako, simu zote ulizozitengea anwani zinakuwa vifaa vipya. La pili: kama ruta yako inatangaza majina mawili, moja la 2.4 GHz na jingine la 5 GHz, simu moja ina MAC mbili, na itashika anwani uliyoitenga ikiwa sebuleni tu, ikifika chumbani ambako 5 GHz haifiki inahamia jina jingine na kupata anwani nyingine.

Kuitambua ni rahisi. Tazama herufi ya pili ya MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E, kama katika 7A-31-C4-…, hiyo haikuandikwa kiwandani. Kuizima: kwenye iPhone gusa alama ya i mbele ya jina la Wi-Fi, kisha Private Wi-Fi Address, matoleo ya tangu iOS 18 yanakupa Off, Fixed na Rotating, na kwa nyumbani Off au Fixed inafaa. Kwenye Android ingia kwenye mipangilio ya mtandao husika, sehemu ya faragha, uchague MAC ya simu yenyewe. Fanya hivyo kwa Wi-Fi ya nyumbani tu, kwingine iache iendelee kujificha.

Kwa kweli, simu chache mno zinahitaji anwani ya kudumu. Kama lengo ni kudhibiti muda wa watoto mtandaoni, sawa. Vinginevyo weka juhudi kwenye vifaa vinavyotafutwa na wengine: printa, kinasa, seva, televisheni unayoirushia filamu kutoka kwenye kompyuta.

Ruta inakataa kuhifadhi

Ujumbe wa makosa kwenye ruta za nyumbani ni wa hovyo, hausemi kinachokosekana. Kagua haya kwa mpangilio: anwani iwe kwenye mtandao ule ule wa ruta, isiwe ya ruta yenyewe, isiwe imeshatengwa kwa kifaa kingine, MAC iandikwe kwa mtindo inaoutaka, ama vistari ama nukta mbili, na mwisho, iwe ndani ya fungu kama ruta inalazimisha. Ikikubali kuhifadhi lakini ikikuonya kwamba anwani inatumika sasa hivi, zima kifaa kinachoitumia, kisha washa upya ruta, halafu kile ulichokitengea, na cha mwisho kile kingine.

Kifaa kinaonekana, kinapotea, kinarudi

Hii ndiyo sauti ya mgongano. Mtu ameandika 192.168.1.105 kwa mkono kwenye printa, namba ambayo imo ndani ya fungu. Wiki nzima hakuna shida kwa sababu bahati haijaifikia. Siku mgeni anapokuja na laptopu, ruta inampa 105. Sasa vifaa viwili vinajibu kwa jina moja, na kila kompyuta inamkumbuka aliyejibu mwisho. Windows mara nyingine huonya wazi kwamba kuna mgongano wa anwani. Printa huwa kimya.

Kuthibitisha huchukua dakika moja. Chomoa kifaa unachokishuku, kizime kabisa. Kutoka kwenye kompyuta nyingine andika `ping 192.168.1.105`, amri ya kuuliza kama kuna kifaa kwenye anwani hiyo. Kikijibu ilhali kimezimwa, kuna mwingine. Andika `arp -a` mara moja, amri inayoorodhesha anwani na MAC ambazo kompyuta inazikumbuka, usome MAC iliyo mbele ya anwani hiyo, uitafute kwenye orodha ya ruta. Jozi tatu za mwanzo za MAC halisi humtambulisha mtengenezaji, nazo husaidia kukisia kama unatafuta simu au televisheni.

Tahadhari moja: ukimya wa `ping` hauthibitishi kwamba anwani iko huru. Windows iliyowekwa kwenye hali ya mtandao wa umma haijibu. Ila hata kifaa kisichojibu `ping` huacha alama yake kwenye `arp -a`, kwa hiyo amini orodha hiyo zaidi.

Tiba ni kukirudisha kifaa kwenye DHCP na kukitengea anwani kwenye ruta. Kama lazima kibaki cha kuandikwa kwa mkono, kihamishie chini ya 50, nje ya fungu.

Anwani inaanza na 169.254

Kifaa kiliomba, hakikujibiwa. Kama ni kifaa kimoja tu, shuku kebo au swichi. Kama ni vingi kwa pamoja baada ya umeme kurudi, sababu huwa ni mwendo wa kuamka: ruta ya faiba huchukua dakika kadhaa mpaka ikae sawa, wakati kamera na kompyuta za mezani zimeshaamka, zimeomba, zimekata tamaa. Windows hujaribu tena kila baada ya dakika 5. Kamera za bei ya chini hazina uvumilivu huo wote, baadhi hukaa na 169.254 mpaka ziwashwe upya. Ndiyo moja ya sababu nzuri za kuandika anwani ya kinasa cha kamera kwa mkono: kitaamka na anwani yake hata ruta ikiwa bado usingizini. Njia nyingine ni kuiweka ruta kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, ili isizimike kabisa. Hakikisha volti na ampea za UPS zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta.

Fungu likijaa matokeo ni yale yale. Fungu la anwani 20 kwa nyumba yenye simu, televisheni, balbu za Wi-Fi na wageni wa sikukuu haliendi mbali, hasa kodi ikiwa ya saa 24 au zaidi, kwa kuwa kila simu iliyopita jana bado inashikilia nafasi yake. Panua fungu, au punguza muda wa kodi uwe saa 2.

Anwani ni sahihi, intaneti hakuna

Hili huwapata walioandika kwa mkono tu, na karibu kila mara ni sehemu moja kati ya tatu.

Barakoa: 255.255.255.0. Android, na Windows 10 katika ukurasa wake wa Settings, hazitaki barakoa bali urefu wake, yaani 24. Ukiandika 255.255.255.0 mahali panapotaka 24, Windows inagoma kuhifadhi bila kueleza kisa.

Lango, linaloandikwa Gateway kwenye skrini: ni anwani ya ruta, neno kwa neno. Likikosewa, printa na kompyuta za ndani zinaonana vizuri lakini hakuna kinachotoka nje.

DNS: ikiwa tupu, `ping 8.8.8.8` inajibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina. Weka anwani ya ruta kama ya kwanza na 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama ya pili. Kamera na vinasa vinasahauliwa sana hapa. Kinasa kisicho na DNS hakiipati seva ya saa, kwa hiyo saa yake inateleza na siku unapotafuta picha za tukio unakuta zina tarehe isiyo yake.

Laptopu iliyoandikiwa anwani kwa mkono nyumbani kisha ikabebwa kwenda kazini inaleta malalamiko ya namna hii pia. Kama uliandika kupitia ukurasa wa zamani wa kadi ya mtandao ndani ya Control Panel, anwani hiyo inaifuata kadi kila Wi-Fi inayojiunga nayo. Irudishe kwenye kiotomatiki.

Wenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi: maelekezo mengi yaliyozagaa yanasema uhariri `/etc/dhcpcd.conf`. Tangu toleo la Bookworm la mwaka 2023, faili hilo halisomwi tena, kazi imechukuliwa na NetworkManager. Tumia amri yake ya `nmcli`, au fanya kama inavyopendekezwa juu, utenge kwenye ruta na uache Pi ilivyo.

Printa ina anwani yake, Windows inasema haipo

Ukifungua anwani ya printa kwenye kivinjari na ukurasa wake ukatokea, mtandao ni mzima. Shida imo ndani ya Windows. Fungua Printer properties, kichupo cha Ports. Ukikuta tundu lenye anwani ya zamani, bonyeza Add Port, chagua Standard TCP/IP Port, uandike anwani mpya. Ukikuta tundu la WSD, libadilishe hivyo hivyo. WSD hutafuta printa kwa kujitangaza, na ndiyo inayopotea kila printa ikilala. Kisha bonyeza Configure Port na uondoe alama kwenye SNMP Status Enabled. Windows huiuliza printa hali yake kwa njia hiyo, na printa isipojibu swali hilo inahesabiwa kuwa imezimwa hata kama iko tayari kuchapa.

Kompyuta ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni haitaiona printa kamwe, hata anwani iwe sahihi namna gani. Mtandao wa wageni umetengenezwa kwa ajili hiyo.

Kamera mpya haionekani

Kamera za Hikvision kwa kawaida hutoka zikiwa na 192.168.1.64, za Dahua 192.168.1.108. Ukinunua mbili za Dahua na kuzichomeka pamoja kwenye swichi, umejitengenezea mgongano kabla hujaanza. Ziweke moja moja. Na kama mtandao wako ni 192.168.100.x au 192.168.8.x, kama zilivyo ruta nyingi za Huawei, kompyuta haitazifikia kabisa. Programu za watengenezaji, SADP ya Hikvision na ConfigTool ya Dahua, huzipata hata zikiwa kwenye mtandao tofauti. Bila programu hizo, ipe laptopu anwani ya muda kupitia kebo, 192.168.1.10 na barakoa 255.255.255.0, bila lango, fungua kamera kwenye kivinjari, ibadilishe, kisha irudishe laptopu ilivyokuwa.

Kamera zilizochomekwa nyuma ya kinasa chenye matundu ya PoE (yanayopitisha umeme na data kwa kebo moja) usizitafute kwenye ruta. Kinasa kina mtandao wake wa ndani na ndicho kinachozigawia anwani. Kinachohitaji anwani ya kudumu ni kinasa chenyewe tu.

Umebadilisha ruta, vitu vimepotea vyote

Ruta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1, mpya ni 192.168.0.1. Vifaa vya DHCP vimehama bila kelele. Vilivyoandikwa kwa mkono vimebaki kwenye mtandao usiokuwepo tena. Usizunguke nyumba nzima kuvihariri kimoja kimoja. Badilisha anwani ya LAN (ya upande wa ndani) ya ruta mpya iwe 192.168.1.1, kwa barakoa na fungu lile lile, na vyote vinarudi. Ukiipa pia jina na nenosiri la Wi-Fi la zamani, hata simu hazitagundua. Orodha ya anwani zilizotengwa itabidi uiandike upya, kwa kuwa faili la akiba la ruta ya aina moja halisomeki kwenye aina nyingine. Ipige picha mapema. Picha hiyo itakufaa pia siku mtu atakapobana kitufe cha kuriseti kwa sindano.

Ruta mbili

Mtoa huduma amekuletea ruta ya faiba, nawe ukanunua yako yenye Wi-Fi nzuri zaidi na kuichomeka nyuma yake kupitia tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti. Sasa una mitandao miwili. Printa iliyoko kwenye ya kwanza haitafutiki kirahisi kutoka ya pili, na kutenga anwani hakutasaidia. Hali mbaya zaidi ni zote mbili kuwa 192.168.1.1: ruta yako inaona mtandao ule ule mbele na nyuma, na intaneti inakufa.

Nyumba isiyo na sababu maalumu inahitaji mtandao mmoja. Iweke ruta ya pili kwenye hali ya Access Point, ambapo inasambaza Wi-Fi bila kugawa anwani. Kama haina hali hiyo, ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani ya LAN iliyo nje ya fungu, mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake, kisha hamisha kebo kutoka tundu la WAN kwenda tundu la LAN. Fuata mpangilio huo. Ukihamisha kebo kabla ya kuzima DHCP, wagawaji wanakuwa wawili, na mafahali wawili hawakai zizi moja: kifaa humsikiliza aliyewahi kujibu, kwa hiyo leo kina lango sahihi, kesho kina lisilo sahihi, na hakuna mtindo unaoonekana. Mstari wa DHCP Server kwenye `ipconfig /all` ndio unaomtaja mgawaji wa pili.

Ndani inafunguka, ukiwa nje ya nyumba haifunguki

Anwani uliyoitenga ni ya ndani ya nyumba peke yake. Kuifikia kutoka nje kunahitaji kufungua mlango kwenye ruta (Port Forwarding) kuelekea anwani hiyo, na pia ruta iwe na anwani ya umma. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, usome anwani ya WAN. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au ikianza na 10, au ikitofautiana na ile inayooneshwa na tovuti za kukuonesha IP yako, unashiriki anwani ya umma na wateja wengine. Ni kawaida sana kwenye intaneti ya laini ya simu. Hapo milango utakayofungua haitapitisha kitu, na saa unazotumia kuhariri ruta ni za bure. Tumia huduma ya wingu ya mtengenezaji wa kamera, au VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) ya aina ya Tailscale inayoanzisha muunganiko kutoka ndani, au lipia anwani ya umma ya kudumu kwa mtoa huduma kama anaiuza. Hata ukiipata, usiuelekeze mlango wa nje kwenye kinasa ambacho bado kina nenosiri la kiwandani.